Baba na Mlima wa Saruji

Baba alianguka mtihani wa gari kwenye mlima ambao hata mbuzi wa kwetu hawezi kuuita mlima. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Ni saruji tu iliyomwagwa ikainuliwa kidogo katikati ya uwanja kule Kibwezi, ikachorwa mistari myeupe na kuwekewa koni kila upande. Mimi si mrefu, lakini nikisimama upande wa pili kichwa changu kinaonekana. Na aliyeanguka hapo ni mtu aliyepanda na kushuka vilima vya Mbooni na mizigo ya watu tangu sijazaliwa, mvua na kiangazi. Ningesimuliwa ningesema ni uongo. Nilikasirika siku hiyo mpaka nikamwuliza msichana wa mapokezi kama yeye amewahi kuona mlima maishani mwake, swali ambalo halikumsaidia yeye, wala Baba, wala mimi.

Lakini kuelewa kwa nini Baba alianguka lazima kwanza uelewe habari ya jiwe.

Kwetu ni juu, huko Mbooni, karibu na Kikima, mahali ambapo ukiangusha chungwa mlangoni utaenda kuliokota kwa jirani. Baba alikuwa na pikapu ya buluu, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu mazao yao sokoni: avokado, kabichi, ndizi, miwa, wakati mwingine mbuzi, wakati mwingine bibi harusi na masanduku yake. Pikapu hiyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa breki ya mkono. Sisemi ilikuwa imeharibika. Nasema sisi watoto hatukujua kama ule mkono wa chuma katikati ya viti una kazi yoyote. Mama alikuwa akitundika mkoba wake hapo.

Na si sisi peke yetu, magari ya kwetu yote yalikuwa hivyo. Badala ya breki ya mkono gari lilikuwa na jiwe, na jiwe lilikuwa na mtu wake. Mtu wa jiwe alikaa nyuma kabisa, mizigo ikimsukuma mgongoni. Dereva akisimama kwenye mteremko alikanyaga breki, akaita "Ivia!", maana yake jiwe kwa Kikamba, na wewe uliruka chini, ukalisukuma nyuma ya gurudumu, ukalikanyaga kwa kisigino likae, kisha ukapiga bodi ya gari kwa kiganja: pa, pa. Hapo ndipo dereva alipoondoa mguu. Kabla ya kusikia hiyo pa, pa, dereva wa Mbooni hawezi kuachilia breki hata umwambie nyumba yake inaungua. Wakati wa kuondoka ulingoja gari livute, ukachomoa jiwe, ukakimbia nalo na kurukia nyuma gari likiwa tayari linakwenda. Kuacha jiwe barabarani ilikuwa ni kukosa adabu. Dereva usiyemjua hata kwa sura angesimama akugombeze, na ukifika nyumbani unakuta habari imetangulia.

Kwetu mtu wa jiwe nilikuwa mimi. Kaka yangu ndiye mkubwa na ndiye aliyestahili, lakini akikaa nyuma alikuwa anatapika, basi akapelekwa mbele akae na Mama na mkoba. Mimi nikapewa jiwe, na wee, nililipenda! Lilikuwa la mtoni, limechongoka upande mmoja, limelainika pale lilipokuwa likishikwa. Nililipakata kwenye kona zote mpaka magoti yakafa ganzi. Asubuhi za Jumamosi ukungu ulikuwa haujainuka, huoni bonde, unasikia tu jogoo wa watu wa chini wakiwika. Harufu ilikuwa ya dizeli na mapera yaliyoiva. Baba alikuwa akiimba nyimbo za kanisani, sauti ya tatu, peke yake, bila sauti nyingine za kumsaidia, kwa hivyo wimbo wowote ulisikika kana kwamba umekosewa. Halafu katikati ya wimbo: "Ivia!", nami naruka.

Ningeambiwa nichague siku moja tu ya utoto nirudishiwe, singechagua Krismasi. Ningechagua Jumamosi yoyote kati ya zile, na baridi yake yote, na magoti yenye ganzi.

Baba huniita Mwaitu. Ni neno la Kikamba la mama. Nilipewa jina la mama yake, kama desturi yetu ilivyo kwa binti wa kwanza, kwa hiyo mimi kwake ni mama, na hata akinigombeza hunigombeza kwa heshima. Siku zile, tukifika sokoni, aliwaambia wanaume wenzake kwamba gari lake limeshikwa na mama yake, hivyo haliwezi kwenda popote. Walicheka kila wiki, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Leseni yake aliipata Machakos, enzi ambazo Mbooni yote ilihesabiwa huko. Hadithi hiyo tumeisikia mpaka tunaweza kuimalizia. Aliyemtahini alikuwa askari wa trafiki, mtu mnene, amekaa nyuma ya meza iliyochorwa mji mzima: barabara, mzunguko, daraja, reli, na vigari vidogo vya mbao. Alikupa kigari akakuambia, wewe uko hapa, hospitali iko pale, na nyuma umebeba mgonjwa, haya nenda. Ukipita upande usio wako alikunyang'anya kigari na kukutangazia kwamba mgonjwa ameshakufa. Mgonjwa wa Baba alifika salama. Baadaye walitoka na lori la serikali wakapanda kilima, na njia nzima askari hakusema neno. Waliporudi alishuka, akazunguka mpaka upande wa dereva, akampa Baba mkono na kumwambia: "Wewe ni dereva. Enda ulishe watu wako."

Hiyo leseni yenyewe ilikuwa kitabu chekundu, na picha ya ndani ilikuwa ya kijana mwenye nywele nyingi ambaye Mama alituapia kwamba ndiye baba yetu. Baba aliiweka kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko akauweka ndani ya Biblia ya Mama, kwa sababu alijua hapo hakuna mtoto atakayethubutu kuchokora.

Siku hizi mambo ni mengine. Kazi ya kutahini madereva na kukagua magari serikali imewapa watu binafsi. Kuna kampuni yenye uwanja wake na kamera zake na vijana waliovaa fulana za rangi moja. Unaomba nafasi kwa simu. Macho unapimwa kwenye duka la miwani, gari linapelekwa gereji yenye mashine ya kuzungusha magurudumu, na majibu yanaingia kwa simu kama salamu za shemeji. Na sitasema ni vibaya, mimi si mtu wa kuponda kitu kwa sababu ni kipya. Mimi ni fundi, nashona sare za shule Kitui mjini, na leseni yangu niliitafuta nikiwa tayari nina watoto. Najua kupigwa na jua kwenye foleni kutwa nzima, halafu jioni unaambiwa mwenye muhuri alienda mazishi. Hawa wa sasa wakikuambia saa nne, saa nne unaingia. Pale soko la Kikima watu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nikaitikia.

Ila masharti mapya yalikuja na jambo moja. Mtu aliyefika umri wa Baba, leseni yake ikiisha, lazima apimwe macho na aendeshe gari upya mbele ya mtahini, ndipo apewe nyingine. Na ya Baba ilikuwa inaelekea kuisha.

Sasa, hapa kulikuwa na neno ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Baba alikuwa ameanza kugonga vitu. Alianza na nguzo ya kibanda cha mama mmoja anayeuza avokado sokoni, kibanda kikainama na avokado zikateremka na barabara, watoto wakishangilia. Kisha akagonga lango la kanisa, lango ambalo limekuwa pale pale tangu nibatizwe. Hakuna aliyeumia. Watu wa kwetu wana heshima zao, hawakumwambia kitu. Walichofanya ni kwamba wakisikia mngurumo wa ile pikapu walipanda ukingoni, wakasimama, wakampungia mkono mpaka apite. Yeye alidhani wanamheshimu sana siku hizi. Mama ndiye aliyenisimulia haya kwa simu, kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia kwamba mvua imechelewa.

Nikampigia kaka yangu, ambaye yuko Nairobi. Tulikubaliana upesi sana kwamba mzee aache kuendesha. Tulishindwa kukubaliana nani amwambie. Yeye alisema mimi ndiye mama yake, nimwambie mimi. Mimi nikasema yeye ndiye mwanamume wa kwanza, hilo ni neno la wanaume. Tulirushiana hivyo mpaka salio likakaribia kuisha, ndipo kaka yangu akasema kwani tunagombana kwa nini, na kampuni ipo? Leseni inaisha, mzee ataenda, watampima, watamwambia haiwezekani tena. Wana kamera. Mzee hawezi kubishana na kamera. Kazi yao si ndiyo hiyo?

Nilihisi nafuu, kama mtu aliyetua mtungi. Serikali ilikuwa imekabidhi kazi yake kwa kampuni, na sisi tukawakabidhi ya kwetu.

Baba naye alikuwa na yake moyoni, na hakuificha. Alitaka ile leseni. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna hiyo, hata ng'ombe. Alisema Mama miguu imekataa, hapandi tena kile kilima cha kanisani, na hatabebwa na bodaboda kama gunia. Alisema amekuwa dereva kabla hajawa mume wa mtu wala baba wa mtu, na akinyang'anywa leseni atakuwa mzee tu wa kukaa kwenye kiti akihesabiwa dawa. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumnyang'anya.

Macho alipimwa mjini Wote. Hapo mimi na kaka yangu tulitegemea mambo yaishie, tena kwa upole. Wapi! Alipewa miwani. Kumbe nguzo na lango vilikuwa ni habari ya miwani, angalau nusu yake. Alipofika nyumbani aliivaa akaangalia bonde, akaangalia mlima wa ng'ambo, kisha akamwangalia Mama kwa muda mrefu na kumwuliza amezeeka lini. Mama akamjibu ilikuwa Jumamosi, yeye akiwa sokoni.

Basi ikabaki kuendesha. Wote nafasi zilikuwa zimejaa, tukapewa Kibwezi. Nilitoka Kitui na kigari changu nikamchukua. Tulivuka Wote, tukashika njia ya Makindu mpaka tukatokea barabara ya Mombasa, na kadiri tulivyoshuka ndivyo Baba alivyofungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, lakini koti lenyewe hakulivua. Lilikuwa koti la kanisani. Aliangalia nchi ile tambarare, na vumbi, na malori yanavyopita kwa kasi, akasema kwamba hapa hata mimi binti yake ningekuwa dereva. Nilimkumbusha kwamba mimi ni dereva, na ndiye niliyemleta. Akasema ndiyo maana anasema.

Uwanjani walimweka kwenye gari dogo jeupe la kampuni, pamoja na kijana mtahini aliyeshika tableti. Wanaosindikiza walikaa nyuma ya kamba, chini ya kivuli cha wavu. Ningependa kusema nilikuwa namwombea, lakini ukweli ni kwamba sikujua niombe nini, basi nikawa nataja jina la Mungu tu na kumwachia ajaze mwenyewe.

Na Baba aliendesha, jamani. Alirudi nyuma kati ya zile koni bila kugusa hata moja. Aliegesha mahali ambapo mimi ningeshuka nikatafuta msaada. Mama mmoja aliyekuwa amemsindikiza mwanawe aliniuliza huyo mzee ni nani, nikamwambia ni babangu, na nikajikuta nimekaa wima.

Kisha akafika kwenye mlima wa saruji. Sheria yake ni rahisi: unasimama katikati, unavuta breki ya mkono, unaondoa mguu ili waone gari limesimama, halafu unaondoka bila kurudi nyuma. Baba alisimama katikati. Taa za breki ziliwaka, zikabaki zinawaka. Nilimwona kijana akisema kitu. Baba akatikisa kichwa kukubali. Taa bado zinawaka. Kijana akasema tena, akaonyesha kwa mkono. Baba akakubali tena, kwa adabu zote, na hakuondoa mguu. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa dirishani, kama mtu anayesikiliza.

Mimi nilijua papo hapo anasikiliza nini. Kiganja kiliniwasha. Nilitaka kuruka ile kamba, nikimbie kama mwendawazimu na sketi yangu, nipige lile gari nyuma: pa, pa. Lakini kulikuwa na maandishi makubwa kwamba wanaosindikiza wasivuke, na mlinzi alikuwa amesimama karibu yangu. Kijana akainamia tableti yake, akaandika.

Ujumbe ulimfikia Baba tukiwa bado hatujatoka langoni. Aliisikia simu ikilia kwenye koti, akaitoa na kunipa nimsomee. Ulisema hajafaulu, na kwamba anaweza kuomba nafasi nyingine. Mtu mwenyewe aliyemwandikia alikuwa amesimama pale pale, hatua chache kutoka kwetu, anakunywa maji. Ndipo nikaenda kumgombeza yule msichana wa mapokezi, maskini, ambaye alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaniambia kwa upole, "Pole Mama, ni mashine huamua."

Tuliposimama Makindu kunywa chai nilimwuliza alikuwa anangoja nini, ingawa nilijua.

"Nilivuta hiyo breki yao," alisema. "Halafu ananiambia ondoa mguu. Sasa nitaondoa mguu namna gani, na sijasikia jiwe?"

Alisema hivyo kwa hasira, na hasira ikamponyoka katikati ya sentensi, akaanza kucheka. Nami nikacheka. Tulicheka mpaka chai ikamwagika, mpaka mhudumu akaja kutuuliza kama tuko sawa, na tulipotaka kumweleza tukashindwa. Utamweleza nini mtu wa barabara ya Mombasa kuhusu jiwe? Nilimwona Baba akifuta machozi chini ya ile miwani mpya, na nikampenda kiasi cha kuumia.

Kisha akaacha kucheka, akasema atarudi.

Kaka yangu alipiga simu jioni hiyo. Alisema sasa imekwisha, kampuni imesema. Nikamwambia mzee anarudi. Akasema sawa, watamwangusha tena, na mimi nikasema labda.

Niliacha sare za watu kwa msaidizi wangu nikakaa Mbooni wiki nzima. Kila jioni Baba aliketi kwenye usukani wa kigari changu mbele ya nyumba, pale mteremko unapoanza, na mimi mwanawe nikawa mwalimu. Utu uzima dawa, husemwa, lakini kuna mambo ambayo utu uzima huyafanya yawe magumu zaidi. Alivuta breki ya mkono vizuri kabisa. Kuondoa mguu, hapana. Mguu ulikataa. Nilimweleza habari ya waya na magurudumu ya nyuma, akasema ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa, lakini mguu haukuelewa. Niliposimama nyuma ya gari ili aone kwamba naliamini, alikasirika mpaka akanipigia kelele niondoke pale, mimi, mama yake.

Mama alikuwa anatuangalia kutoka kibarazani. Siku ya tatu au ya nne alichoka na sisi. Alichukua fimbo yake, akaja polepole, akafungua mlango, akaketi kando ya Baba na kuweka mkoba wake mapajani.

"Ondoa mguu," alimwambia. "Ikirudi nyuma tutarudi pamoja."

Baba alimwangalia. Kisha akaondoa mguu. Kigari kilitikisika kidogo kikakaa, na wao wakakaa ndani yake, wakiangalia mbele, kwa muda ambao haukuhitajika hata kidogo. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta kiberiti.

Siku ya kurudi Kibwezi alivaa lile lile koti. Mtahini alikuwa yule yule. Nilikaa nyuma ya kamba, na safari hii nilijua naomba nini. Koni, sawa. Kuegesha, sawa. Akapanda mlima wa saruji, akasimama katikati, taa za breki zikawaka. Nilishika kamba kwa mikono miwili. Ndipo nikaona mkono wa Baba unatoka dirishani, mkono wa koti la kanisani, ukashuka na kupiga mlango wa lile gari jeupe: pa, pa. Kijana akashtuka. Taa zikazimika. Gari halikusogea. Kisha likanguruma, likapanda, likashuka upande wa pili, na mimi nililia mbele ya watu bila haya.

Ujumbe uliingia tukiwa langoni. Nilimsomea. Akaniambia nisome tena.

Pikapu tuliifanyia ukaguzi pia, na ilibidi itiwe breki ya mkono, ya kwanza ambayo mimi nimeiona ikifanya kazi humo. Jumapili Baba alimpeleka Mama kanisani. Mimi nilikaa nyuma, mahali pangu, mwanamke mzima na kitambaa kichwani. Angeweza kupita njia fupi, lakini alizunguka na sokoni. Aliendesha polepole, miwani usoni, akamsalimia kila mtu kwa jina la ukoo wake, akampungia mkono mama wa avokado, ambaye alikuwa ameshapanda ukingoni kwa mazoea. Alipita lango la kanisa katikati kabisa. Baada ya ibada watu walimzunguka wakimpongeza, mchungaji akamtaja, na yeye akaitoa leseni mpya mfukoni ikapita mkono kwa mkono, ile kadi ngumu ndogo, wakaiangalia mbele na nyuma. Alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na furaha, nikajiambia kaka yangu nitamweleza nini, liwe liwalo.

Tulirudi nyumbani tukala. Mama alipoenda kulala kidogo, Baba aliniita nje. Alikuwa amesimama kando ya pikapu. Alinipa ufunguo.

"Shika, Mwaitu. Mimi nimeacha kuendesha."

Nilidhani anatania. Nikamwambia lakini amepita, leseni si hiyo hapo mfukoni, kanisa zima limeiona?

"Nimepita," alisema. "Nikienda nilikuwa najua natakiwa kuacha. Lile lango sikuliona, na hata hii miwani, jioni ikiingia sioni vizuri. Wewe ulijua. Kaka yako alijua. Mngekuja mkae hapa na mimi, mniambie, Baba imetosha, ningeacha siku hiyo hiyo. Lakini mlinituma Kibwezi nikaambiwe na kijana wa watu, kwa simu. Hiyo ndiyo sikukubali."

Hakusema kwa hasira. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, uso unawaka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha.

"Kliniki ya mama yako ni Alhamisi," alisema. "Utampeleka wewe, ama nitafute mtu?"

"Nitampeleka mimi, Baba."